Malisho Yetu, Gugu Karoti, na Swali la Nani Ang'olewe



Wengi wetu tuliolelewa katika familia za wakulima tulifundishwa kuzichukia nyasi kabla hatujajua kusoma. Jembe la kwanza tulilopewa lilikuwa dogo, la mpini uliofupishwa ulingane na kimo chetu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupalilia. Shamba safi lilikuwa lile lenye udongo mtupu kati ya mistari ya mahindi, na uwanja safi ulikuwa ule uliofagiliwa hadi vumbi likaonyesha michirizi ya ufagio. Penye nyasi palikuwa pa nyoka, pa uvivu, au pa watu waliohama. Tumeingia seminarini na macho hayo hayo. Ndiyo maana tunaandika makala hii: kwa mwaka mzima sasa, sisi wa mwaka wa pili wa falsafa tumekuwa tukizitunza nyasi, na kazi hiyo imetuletea maswali ambayo hatukuyatarajia.

Chini ya uwanja wetu wa mpira kuna uwanda wa nyasi wa kama ekari sita ambao wanafunzi wa tangu zamani wanauita Bondeni. Hakuna anayekumbuka uwanda huo kulimwa. Wakati wa masika maji hutuama upande wa chini, na kiangazi kikiingia nyasi hubaki zimesimama, kavu, rangi ya mchanga. Majirani huja kukata majani ya ng'ombe wao wa ndani kwa ruhusa ya zamani isiyoandikwa popote, na ng'ombe watano wa seminari wanakula huko huko. Kwa macho ya mkulima, ni ardhi iliyolala bure.

Mwaka jana, mwanzoni mwa muhula, tulisikia kwamba kuna wazo la kulima Bondeni kote na kupanda mikaratusi. Sababu zake hazikuwa za kudharaulika. Bei ya mahindi, maharage na mafuta ya kula haisubiri sadaka za waamini, na nguzo za mikaratusi zina soko. Sababu ya pili ilikuwa gugu karoti. Miaka michache iliyopita barabara ya jirani ilichongwa, kifusi kikamwagwa kando ya uwanda wetu, na juu ya kifusi hicho gugu likaota. Kufikia mwaka jana upande wote wa barabarani ulikuwa mweupe kwa maua yake. Hoja ikawa kwamba malisho yaliyokwisha kuharibika hayana cha kupotezwa.

Kwa msomaji asiyelijua, gugu karoti ni mmea wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vimaua vyeupe vidogo kama punje za mchele. Jina lake la kisayansi ni Parthenium hysterophorus. Asili yake ni maeneo ya joto ya bara la Amerika, nalo limesambaa India, Australia, Ethiopia, Kenya na nchi nyingine nyingi, mara nyingi likifuatana na nafaka, magari na mifugo. Hapa Tanzania lilianza kuzungumzwa kuanzia mwaka 2010 huko Arusha. Huota, huchanua na kuanza kutoa mbegu ndani ya wiki chache, na mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu hizo ni nyepesi, zinabebwa na tope la viatu, magurudumu, maji ya mvua, mchanga wa ujenzi, hata mzigo wa majani ya ng'ombe. Mmea wenyewe una kemikali zinazodumaza mimea iliyo jirani yake. Ng'ombe akiula, maziwa huchacha uchungu. Na mtu anayegusana nao mara kwa mara anaweza kupata upele, kuwashwa, mafua ya mzio, hata pumu.

Hilo la mwisho tulilijua kabla ya kulisoma. Mzee anayetunza ng'ombe wetu, ambaye sote tunamwita Babu, ndiye aliyeumia wa kwanza. Ngozi ya mikono na shingo yake ilipasuka, usiku hakulala kwa kuwashwa, na asubuhi alikuwa akisimama mara tatu njiani kutoka zizini ili apate pumzi. Mezani nako maziwa ya chai yalikuwa na uchungu ambao sukari haikuufuta. Kwa hiyo hatutaki kuandika kana kwamba tulianza kwa kupenda vipepeo. Tulianza kwa sababu Babu alikuwa anaumwa.

Tulikwenda watatu kuonana na Baba Gombera. Tulimweleza kwamba kulima uwanda ule kungelipa gugu kile linachokitaka kuliko vyote, yaani udongo uliofunuliwa, na kwamba katikati ya mistari ya miche michanga lingestawi kwa miaka kadhaa kabla miti haijaleta kivuli. Alitusikiliza, kisha akauliza, "Sasa ninyi mnataka niwalishe nyasi?" Tulijibu, "Hapana, Baba. Tunaomba mwaka mmoja tu." Akafikiri kidogo. "Haya. Masika hadi masika. Na kazi za mikono za Jumamosi mtazifanyia huko, jua liwake au mvua inyeshe."

Tueleze kazi yenyewe, maana huenda kuna parokia au shule yenye tatizo kama letu. Gugu karoti hung'olewa baada ya mvua, udongo ukiwa umelainika, na kabla halijachanua. Hung'olewa pamoja na mzizi. Ukilifyeka juu juu linatoa matawi mapya chini ya pale ulipokata, na matawi hayo yanachanua upya. Anayeng'oa avae glavu, mikono mirefu na kitambaa cha kufunika pua na mdomo. Mwenye pumu asishiriki. Tulimpa mwenzetu mmoja kazi ya kutunza daftari kwa sababu hiyo. Yaliyokwisha kutoa mbegu hutiwa kwenye mfuko hapo hapo, yakakaushwa na kuchomwa mahali pamoja, yasiburuzwe kupita kwenye nyasi. Viatu na majembe husafishwa kabla ya kutoka, kwa sababu anayetoka bila kusafisha viatu anakwenda kupanda kwingine alichong'oa hapa.

Lakini kung'oa ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi. Mwezi mmoja baada ya kung'oa upande wote wa barabarani, mvua ilinyesha na miche mipya ikatoka kama zulia. Mbegu zilikuwa ardhini zikisubiri, na zinaweza kusubiri kwa miaka. Hapo ndipo tulipomsikiliza kwa makini mwenzetu aliyetoka Usukumani, ambaye tangu mwanzo alikuwa akisema kwamba tunapigana na mmea wakati adui ni upara.

Alikulia kwenye familia yenye ng'ombe wengi, na babu yake alikuwa na ngitili. Kwa wasioijua, ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, nyasi zikue na kukomaa bila kuguswa, kisha kuifungua katikati ya kiangazi wakati kwingine kote kumekauka. Desturi hiyo ilififia kwa muda, lakini mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kudumu hadi mwaka 2004, uliwasaidia wanavijiji kuirudisha. Mkoa uliokuwa ukitajwa kama mfano wa jangwa linalokuja ukaotesha tena nyasi na miti juu ya hekta zaidi ya 300,000. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa bila kupanda mti. Watu walifunga eneo, wakakubaliana sheria, wakasubiri.

Kwa mwongozo wake tuligawa Bondeni mafungu matatu. Fungu la barabarani lilifungwa kabisa kwa ng'ombe na kwa mundu. La pili lilikatwa baada ya nyasi kudondosha mbegu, si kabla, na kwa kuacha urefu wa kiganja ili mashina yachipue upesi. La tatu lilibaki limesimama mwaka mzima, wadudu na ndege wapate pa kukaa wakati sehemu nyingine zimekatwa. Tulikusanya kwa mikono mbegu za nyasi zilizokomaa pale pale Bondeni, tukazitawanya kwenye upara baada ya kukwaruza udongo kwa reki, tukafunika kwa majani makavu. Mahali pabaya zaidi, juu ya kifusi chenyewe, tulipandikiza mabonge ya ukoka na kuyamwagilia kwa zamu. Nyasi zilizoshikamana hunyima gugu karoti mwanga na nafasi, na mche wake unaoota chini ya nyasi ndefu hubaki mwembamba kama uzi.

Kazi ilipokuwa ikiendelea tuligundua kwamba hatujui neno "gugu" lina maana gani, nasi ni watu tunaofundishwa kutoa fasili ya kila kitu. Siku ya kwanza kabisa mama mmoja jirani alitusimamisha na mzigo wake wa majani kichwani: "Wanangu, ng'oeni hilo karoti lenu, lakini mchunga wangu na mnafu wangu msiviguse." Tulivitazama. Kwa shamba la mahindi la nyumbani kwetu, vyote viwili ni vya kung'olewa asubuhi na mapema. Kwake ni mboga ya jioni. Kumbe gugu si aina ya mmea, kama vile mjane si aina ya mwanamke. Ni jina la uhusiano kati ya mmea, mahali, na mtu mwenye haja yake.

Wengine hujibu kwamba gugu baya ni lile la kigeni. Jibu hilo nalo halisimami peke yake. Mahindi yametoka Amerika, muhogo vilevile, na hakuna anayeitisha mkutano kuvifukuza. Kwa upande wa pili, ndani ya kreta ya Ngorongoro mimea ya asili ya hapa hapa, kama Bidens schimperi yenye maua ya njano na Gutenbergia cordifolia yenye maua ya zambarau, ilienea hadi ikasonga nyasi za malisho, na hifadhi ikalazimika kufyeka na kuchoma kwa mpango. Mwenyeji naye anaweza kuvamia nyumba yake mwenyewe pale mpangilio wa moto, mvua na malisho unapobadilika.

Hata hivyo ugeni si jambo la kupuuzwa. Mmea unaosafirishwa mbali huacha nyuma wadudu na magonjwa yaliyokuwa yakiupunguza nyumbani kwake. Gugu maji lilipofunika ghuba za Ziwa Victoria, msaada mmojawapo ulikuwa fukusi wadogo kutoka kwao Amerika ya Kusini, walioachiliwa katika miaka ya 1990. India iliingiza mbawakawa wa Kimeksiko anayekula majani ya gugu karoti mwaka 1984. Na nia njema peke yake haitoshi. Mathenge, mti unaotesa wafugaji wa Baringo nchini Kenya, ulipandwa katika miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapatia watu kuni. Baadaye wanavijiji walikwenda mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake, awe kielelezo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mahindi yalilipokea jembe. Gugu karoti limekaa barazani, limekula chakula cha wenyeji, na jembe limelikataa.

Darasani tulikuwa tukisoma mafundisho ya Mtakatifu Augustino kwamba uovu si kitu chenye kuwapo kwake, ni upungufu wa wema pale ambapo wema ulipaswa kuwapo. Wengi wetu tuliyaandika kwa ajili ya mtihani. Huko Bondeni tuliyaelewa kwa magoti. Gugu karoti kama kiumbe si uovu; lina umbo lake, mpango wake na werevu wake wa kuishi, na kwao lina mahali pake. Madhara yanaanza penye pengo. Halikuja juu ya nyasi nzima zilizoshikana. Lilikuja juu ya kifusi, njia ya ng'ombe na ukingo uliochunwa. Anayeng'oa bila kuziba pengo ataendelea kung'oa hadi mwisho wa maisha yake, na wala hatakosa kazi.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, katika swali la 47 la sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, anauliza kwa nini viumbe ni vingi na vya namna tofauti. Anajibu kwamba wema wa Mungu hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja, kwa hiyo kile kinachopungua katika kimoja kinatimizwa na kingine. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, na katika waraka huo huo alikumbusha kwamba Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka sehemu ya bustani ya konventi iachwe bila kulimwa, maua na majani ya porini yaote. Wakulima kama sisi tungedhani ndugu wa konventi ile walikuwa wavivu. Lakini mtu akienda Kitulo, katika nyanda za juu kusini, ataona kwamba uwanda wa nyasi unaweza kuwa na utajiri kuliko msitu wa miti ya aina moja. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea yake. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Bondeni kwetu si Kitulo. Lakini mwenye daftari alianza kuandika kila mmea kwa jina analolijua mtu yeyote kati yetu, kwa lugha yoyote, na kurasa zikaendelea kujaa. Kware walirudi kutaga kwenye fungu lililobaki limesimama. Nyuki wa mizinga ya jirani walikuwa huko tangu jua linapochomoza.

Mwezi wa tatu yule mwenzetu wa Usukumani aliondoka. Malezi yana haki na wajibu wa kupima miito, na waliopewa kazi hiyo wanajua mambo ambayo sisi hatuyajui wala hatuna sababu ya kuyauliza. Alifungasha jioni, baada ya Masifu, na asubuhi kitanda chake kilikuwa kimekunjwa vizuri. Jambo lililotushtua lilikuja mezani. Mmoja akasema, kwa mzaha wa kawaida wa vijana, "Basi shamba limepaliliwa." Baadhi walicheka. Sisi tuliokuwa tukifanya naye kazi hatukuweza kucheka, na kwa siku kadhaa tulijadiliana kwa nini.

Sababu tuliyoifikia ni hii. Sisi, kuliko wanafunzi wengine wote, tulikuwa tumefundishwa na kazi yetu kuona nani wa kung'olewa. Mkono unaong'oa kila Jumamosi unaanza kuona magugu kila mahali: katika darasa, katika kwaya, katika kigango chenye kabila mbili, katika nchi yenye wakimbizi. Maneno yenyewe yanatelezesha ulimi: wavamizi, wageni, wanaosambaa, wanaosonga wenyeji. Ukiyasema juu ya mmea ni sayansi. Ukiyasema juu ya watu ni mwanzo wa dhambi kubwa, na sisi tunaoishi katika ukanda huu wa Afrika tunajua mahali ambapo watu walianza kuitwa majina ya wadudu na yaliyofuata baadaye.

Hapo mfano wa Bwana katika sura ya 13 ya Injili ya Mathayo ukatusemesha upya. Watumwa wanataka kwenda kung'oa magugu katikati ya ngano, na mwenye shamba anawakataza wasije wakaing'oa na ngano. Wafafanuzi wengi wanasema gugu linalotajwa ni aina ya nyasi inayofanana sana na ngano hadi masuke yatoke, na mizizi yake husokotana na ya ngano. Tulikuwa tukijiuliza kama mfano huo unatushutumu sisi wa Bondeni. Hautushutumu. Bwana mwenyewe alieleza kwamba shamba lile ni ulimwengu na mbegu zile ni watu. Hakuwa akitoa somo la kilimo. Alikuwa akitofautisha kazi mbili tunazozichanganya. Mmea hauwezi kuongoka. Gugu karoti la leo litabaki gugu karoti kesho. Mtu anaweza. Kwa hiyo kwa mmea tunapewa glavu, na kwa mtu tunapewa subira. Hata pale mtu anapolazimika kuondoka katika nyumba fulani, anaondoka kama ndugu anayetumwa kwingine. Hatupwi kwenye rundo.

Na tuseme jambo la wazi zaidi. Kati yetu sote, aliyejua namna ya kuponya upara ni yeye. Masika yalipoanza, sehemu ya kwanza kufunikwa kabisa ilikuwa ile ya kifusi, ambako alipandikiza mabonge ya ukoka kwa mikono yake na kuyamwagilia hata zamu zisizo zake. Tulimpigia simu kumwambia. Aliuliza ng'ombe wameachiwa kuingia au bado. Tulipomjibu bado, alisema, "Vizuri. Msiwe na haraka."

Mwaka tulioomba umekwisha. Hatukulimaliza gugu karoti, na hakuna anayelimaliza kwa mwaka mmoja. Bado linatokea kwenye njia ya ng'ombe na kwenye vichuguu vya fuko, na baada ya kila mvua tunapita na mifuko. Lakini upande wa barabarani, uliokuwa mweupe, sasa ni wa nyasi. Maziwa hayana uchungu. Babu anapata nafuu, ingawa daktari amemkataza kabisa kuligusa gugu hilo, na kazi ya ukingoni tumeichukua sisi. Uongozi uliamua kwamba miti ipandwe kwenye ekari moja ya juu, penye mwamba na upara wa siku nyingi, na Bondeni pabaki malisho. Majirani wataendelea kukata majani kwa mafungu na kwa zamu, na kila nyumba itatoa mtu mmoja siku ya kung'oa baada ya mvua za kwanza. Safari hii makubaliano yameandikwa.

Uamuzi huo una gharama, nasi tunaila. Nguzo ambazo hazitauzwa ni fedha ambazo hazitapatikana. Majani makavu tuliyouza kiangazi yalilipia chumvi ya ng'ombe na dawa ya kupe, hayakulipia maharage. Anayewaambia watu kwamba kutunza viumbe hakuna gharama anawadanganya, na watu masikini huutambua uongo huo mapema.

Ndugu msomaji, huenda huna ekari sita. Lakini tazama ukingo wa barabara inayofika kanisani kwenu, rundo la mchanga lililobaki baada ya ujenzi wa darasa, uwanja unaofagiliwa hadi vumbi. Ukiona majani kama ya karoti na vimaua vyeupe, usiyachume kupamba meza, usimpe ng'ombe, na usiwaache watoto wayang'oe kwa mikono mitupu. Waite watu wachache wenye glavu baada ya mvua, mkang'oe na mzizi, mkamwone bwana shamba wa kata na kumwonyesha mahali lilipo. Kisha pandeni nyasi pale pale mlipong'oa, siku hiyo hiyo. Na jioni mkikaa pamoja kuzungumza juu ya watu, vueni glavu.